Tone Jekundu la Belmiro Seabra

Belmiro Seabra, fundi wa Umoja wa Baiskeli wa Vale da Corga, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, baada ya miaka arobaini na mitatu na miezi miwili ya kazi. Aliingia karakana yetu Aprili 1980 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, elimu ya darasa la nne, na koleo moja alilotoka nalo kwao. Anaondoka na miaka sitini na sita, darasa lile lile la nne, na koleo lile lile. Katika muda huo klabu imepitisha wenyeviti tisa, wote madokta au mainjinia, na hakuna hata mmoja aliyejua kuziba pancha.

Kamati imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu nina miaka themanini na minane na wengine waliomfahamu akianza kazi wamekwisha kuzikwa. Mwenyekiti wetu, Dokta Quaresma, ambaye ni wakili, maana hapa kwetu kila mwenye shahada asiye injinia huitwa Dokta, alinipigia simu. "Injinia, wewe una kalamu nzuri. Ukurasa mmoja tu. Uchangamfu, eh? Watu watagawiwa kabla ya chakula." Nilikuwa mkurugenzi wa ufundi wa klabu hii kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo namfahamu Belmiro kuliko wakili huyo. Ukurasa mmoja hautoshi, na uchangamfu utafika mahali utaisha. Anayekuja kwa ajili ya nyama ya kuchoma tu na asubiri Jumamosi.

Wapo watu mjini hapa wanaodhani kubadilisha waya wa gia ni kazi ya dakika kumi. Ni kweli, ni ya dakika kumi, ukiifanya vibaya. Belmiro hutumia ishirini na tano. Kwanza huirudisha gia mpaka kwenye duara dogo kabisa la nyuma, ili waya ulegee na kitundu kilichofichwa ndani ya mkono wa gia kigeuke kimtazame. Hapo ndipo hulegeza skrubu ya nyuma, akausukuma waya wa zamani utokee kule ulikoingilia, akamulika kitundu kwa tochi, akaingiza waya mpya, kisha akasikiliza. Waya una kichwa kidogo kama punje ya mtama, na kichwa hicho kikikaa mahali pake hutoa sauti ndogo ambayo mimi sijawahi kuisikia hata siku moja. Yeye huisikia hata redio ikiwa imewashwa. Mwisho huuvuta waya kwa mkono, hukaza skrubu, hukata ncha, huivalisha kikofia cha bati ili nyuzi zisifumuke, na juu ya kikofia huweka tone la rangi nyekundu ya kucha.

Rangi hiyo ilikuwa ya mkewe, marehemu Deolinda, aliyekuwa na saluni nyuma ya kanisa. Utaratibu aliuanzisha Belmiro mwaka 1984, baada ya mafundi watatu wa klabu kusukumiana lawama wiki nzima kwa sababu ya waya mmoja uliofunguka. Yeye alichukua nyekundu, wenzake wakachukua kijani na nyeupe. Aliyeufunga waya huutia rangi yake, na mwenye rangi ndiye anayejibu. Hakuna anayegusa waya wa mwenzake bila kumwambia. Klabu kubwa zina fomu na sahihi tatu tatu. Sisi tulikuwa na chupa tatu za rangi ya kucha na ugomvi ulikwisha.

Ulimi wake mnaujua. Padre wetu wa zamani alipoleta baiskeli yenye waya ulioota kutu kama msumari wa jeneza, Belmiro alimwambia, "Padre, huyu hahitaji fundi, anahitaji mafuta matakatifu." Mwaka 2015 kamati iliponunua gia za umeme, ikapiga picha nazo na kuzitolea hotuba, mpanda baiskeli wetu mmoja aliishiwa chaji katikati ya mashindano. Alirudi akisukuma. Belmiro alikuwa amekaa mlangoni akila mkate wa mahindi na dagaa.

"Mjomba Belmiro, gia zimekufa!"

"Mpigie simu aliyezinunua. Labda ana chaja."

Basi, hapo ndipo uchangamfu unapoishia.

Mtakapofika ukumbini mtaona picha za magari yetu ya mashindano ukutani, mwaka hata mwaka. Belmiro yumo katika picha zote kuanzia 1980 hadi 1996. Baada ya hapo hayumo. Vijana huuliza, na wakubwa huwajibu kwa sauti ya chini kwamba palitokea jambo, kwamba aliharibu waya wa Adérito Pinhal mlimani. Kisha hujimiminia mvinyo na kuongea mambo mengine. Jambo lenyewe nalieleza mimi, maana nililifanya mimi.

Agosti 1996 tulikuwa na kijana aliyekuwa anaongoza mashindano ya nchi nzima kwa sekunde kumi na tisa. Klabu yenye karakana ya mabati, inayofadhiliwa na kiwanda cha vigae vya bafuni, ilikuwa inaongoza nchi. Kijana huyo ni Adérito Pinhal, wa hapa hapa, na Belmiro ni baba yake wa ubatizo. Belmiro ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli kwenye mteremko wa makaburini. Kila Jumapili baada ya misa Adérito alipita kwake kuomba baraka, kisha akala kwa Deolinda mpaka mkanda ukamkataa.

Siku moja kabla ya mlima wa mwisho, siku ya mapumziko, tulifikia nyumba ya wageni chini ya mlima wenyewe, Senhora da Penalva. Asubuhi ile Belmiro alisema mezani, mbele ya wapanda baiskeli, kwamba waya wa gia ya nyuma wa Adérito umechoka na ataubadilisha jioni akimaliza kuosha baiskeli. Mikono ya gia ya aina ile, iliyounganishwa na breki, ilikuwa bado mipya kwetu, na mimi nilikuwa nimesoma kijitabu chake chote. Nikaanza kueleza kijitabu kinasemaje. Belmiro akasema, "Kijitabu ni kizuri, Bwana Injinia. Lakini kidole ndicho kinachojua." Wapanda baiskeli wakacheka. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, shahada, na mkoba wa ngozi, nami nikaumizwa na kicheko cha vijana wanne waliovaa kaptura za kubana.

Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana, wengine walipokwenda kulala, nilishuka uani peke yangu nikaubadilisha ule waya. Nilitaka jioni nimwambie kwamba kazi imekwisha, tena kwa dakika kumi.

Sikuirudisha gia chini. Kijitabu kilisema hivyo ukurasa wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeuruka ukurasa wa kwanza kwa sababu niliuona ni wa watu wasiojua kitu. Gia ilikuwa katikati, na kitundu kilikuwa kimegeukia pembeni. Waya ulipokataa kuingia nikausukuma, ulipokubali nikajipongeza. Kichwa chake kilikaa upande, juu ya ukingo wa kitundu badala ya ndani yake. Nikavuta kwa koleo na kukaza. Gia zikapanda na kushuka pale uani bila shida, na mimi nikasimama mikono kiunoni kama mtu aliyejenga daraja.

Belmiro akatokea na ndoo. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Bwana Injinia, gia uliirudisha chini kabla hujaingiza waya?"

"Belmiro, mimi nimesoma mitambo miaka sita chuo kikuu. Wewe umesoma miaka mingapi?"

"Minne, Bwana Injinia."

"Basi rudi kwenye ndoo yako."

"Nitaufungua niutazame tu. Dakika mbili."

"Ukiigusa hiyo baiskeli unarudi nyumbani leo kwa basi."

Mimi nikaona kikofia cha waya kiko kitupu, na waya usio na rangi ungezua maswali kwa mafundi wengine wawili. Mkurugenzi hakuwa na rangi, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mkurugenzi angechafua vidole. Nikafungua sanduku la Belmiro, nikatoa chupa ya Deolinda, nikaweka tone jekundu. Mbele ya macho yake. Alisimama na ndoo yake mpaka nilipofunga kile kifuniko.

Wageni wataniuliza kwa nini hakuifungua baiskeli ile nilipoondoka. Wageni hao hawajui nchi hii ilivyokuwa, na bado ilivyo. Hapa kwetu mtu akiitwa Injinia, waya alioukaza yeye umekazwa. Daraja likianguka huulizwa mto. Belmiro alikuwa na nyumba ya kupanga na cheo cha "wewe, Belmiro". Jioni ile alifanya jambo moja tu lililobaki ndani ya uwezo wake. Alimshika Adérito begani akamwambia, "Kesho mlimani gia uziguse kidogo, mwanangu. Kidogo sana."

Waya wa gia una nyuzi kumi na tisa. Kichwa kikikaa ukingoni, kila ukibadilisha gia uzi mmoja hukatika. Zilikatika zote zikiwa zimebaki kilomita sita kufika kileleni. Mnyororo ukaangukia duara dogo kabisa, gia ya kukimbilia tambarare, na kijana yuko kwenye mwinuko ambao mbuzi huupanda kwa zamu. Nilimwona kwa mbali akisimama juu ya kanyagio, mwili mzima ukiyumba, baiskeli haitaki. Gari letu lilikuwa limezuiwa nyuma ya umati na wapanda baiskeli waliochoka. Tulimfikia na baiskeli ya akiba baada ya dakika tatu. Alimaliza akiwa nyuma ya mshindi kwa dakika nne na sekunde kumi na moja, akaitupa baiskeli mtaroni mbele ya kanisa la kileleni.

Jumanne kamati ikakaa ukumbini. Watu wa vigae walikuwapo, wamekasirika kama waliofiwa. Mwenyekiti wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu na ana barabara yenye jina lake, aliinua ule waya akauliza, "Hii rangi ni ya nani?"

Belmiro akasimama, kofia mkononi. "Nyekundu ni yangu, Bwana Dokta."

"Una la kuongeza?"

Belmiro akageuza uso kunitazama. Nilikuwa viti viwili kutoka kwa mwenyekiti. Nilikuwa na kikombe cha kahawa, nacho nilikichunguza kama chombo kilichotoka mwezini.

"Sina," akasema Belmiro.

Adérito alikuwa nyuma ya ukumbi. Ndiye aliyepaza sauti. "Alijua! Aliniambia gia niziguse kidogo! Alijua kazi yake ni mbovu akaniacha nipande!" Akatoka na mlango ukabamizwa. Kamati ikaamua Belmiro aondolewe kwenye magari ya mashindano, apelekwe chumba cha nyuma kutengeneza baiskeli za shule na za tarishi. Mimi niliunga mkono hoja hiyo. Nikaongeza hotuba fupi kuhusu uwajibikaji. Ikapigiwa makofi.

Hiyo ndiyo kazi ya Belmiro Seabra tangu 1996. Kwa miaka ishirini na saba hajaketi kwenye gari la mashindano. Katika muda huo baiskeli za wanawake wanaokwenda sokoni Vale da Corga zimekuwa na gia nzuri kuliko za timu yetu, jambo ambalo timu haijawahi kulielewa. Mwaka 2001 mimi nilipewa bamba la shaba lenye maneno "uadilifu wa kiufundi". Lilitundikwa na Belmiro, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bisibisi.

Adérito aliacha mashindano mwaka 1997. Ana mkahawa karibu na mzunguko wa barabara. Hakuomba tena baraka Jumapili. Deolinda alipofariki mwaka 2011 alikuja mazikoni, akawapa mkono ndugu wote waliopanga mstari, na alipofika kwa Belmiro akauweka mkono mfukoni. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na suti nzuri.

Daktari wangu amenipa mpaka mavuno ya zabibu, naye ni mtu wa kutia chumvi upande wa matumaini. Kwa hiyo wiki iliyopita nilimwomba mpwa wangu anipeleke kwa Adérito. Nilikaa kwenye kiti kirefu cha kaunta, jambo ambalo lenyewe lilikuwa mashindano.

"Injinia! Umekuja kunywa au kufa?"

"Kusema kitu kwanza."

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na gia, na ndoo, na chupa. Alikuwa anafuta glasi. Aliifuta ile ile moja mpaka nilipomaliza.

"Rudia ile ya begani," akasema.

"Alikuonya kwa sababu nilimkataza kufungua. Hakuwa na namna nyingine."

"Na wewe ulikaa pale. Ukanisikia nikimtukana."

"Nilikusikia."

"Mama Deolinda ananitumia keki kila Pasaka mpaka mwaka anakufa, mimi naimwagia kuku." Akaweka glasi chini. "Unajua mimi nilidhani mtu mbaya anakuwa na sura. Kumbe anakuwa na tai. Toka humu, Injinia. Toka taratibu usije ukanifia mlangoni, nitaambiwa ni mimi."

Nilitoka taratibu. Nilikuwa sina jinsi nyingine ya kutoka.

Kisha nikaenda karakana na karatasi hizi. Belmiro alivaa miwani, akasoma zote akiwa amesimama, akinyoosha kidole chini ya kila mstari. Nilingoja kwenye sanduku la mipira ya magurudumu. Alipomaliza alichukua penseli iliyokuwa sikioni.

"Hapa uliandika nyuzi kumi na mbili. Ni kumi na tisa."

"Nitarekebisha."

"Na mwinuko ule mbuzi hapandi. Lakini acha, watacheka." Akavua miwani. "Siku ile ukumbini nilikutazama."

"Najua."

"Nilikuwa nakusubiri. Niliulizwa rangi nikajibu rangi, maana ndiyo sheria niliyoiweka mwenyewe. Yaliyobaki yalikuwa yako."

"Mbona hukunitaja, Belmiro?"

"Ningekutaja wangechagua nani wamwamini? Wewe hukuwa na haja ya kusema uongo hata. Ulikuwa na haja ya kunywa kahawa tu."

Nikamuuliza kama ananisamehe. Si swali la kumuuliza mtu, lakini wakati wangu wa kuuliza vizuri ulikwisha kupita.

"Hapana, Bwana Injinia," akasema, bila hasira, kama anayemwambia mteja kwamba fremu imepinda na haitengenezeki. "Mke wangu aliondoka bila kumwona yule kijana mezani kwake. Hiyo nani ataifungua aikaze upya? Lakini hii isomwe. Yote. Na wasipotaka kuisoma yote, chakula wale wenyewe."

Dokta Quaresma hakutaka. Alikuja nyumbani kwangu na karatasi zikiwa na mistari ya kalamu nyekundu. Alipendekeza sehemu hii yote iwe sentensi moja: "Katika kipindi hicho alipitia changamoto mbalimbali." Nilimwambia kwamba kwa sentensi kama hiyo unaweza kuzika kijiji kizima na bado ukabaki na nafasi ya salamu. Alisema inachafua jina la klabu. Nikamwambia klabu ilichafuka mwaka 1996, sisi tulikuwa tunapaka chokaa tu. Akasema wafadhili watakuwapo. Nikampa ujumbe wa Belmiro kuhusu chakula, naye akakumbuka kwamba nguruwe wachanga sita wamekwisha kuagizwa. Ndiyo sababu mnasoma hivi mnavyosoma.

Klabu inapaswa kutoa shukrani, na mimi nimepewa kazi ya kuzitoa kwa niaba yake. Tunamshukuru Belmiro Seabra kwa baiskeli zaidi ya elfu tisa zilizotoka mikononi mwake zikiwa salama, na kwa mafundi kumi na mmoja waliofundishwa naye, wanaofanya kazi leo kwenye timu ambazo haziwezi kutamka jina la mji wetu. Tunamshukuru kwa kujibu alichoulizwa alipoulizwa. Shukrani nyingine zozote kutoka kwetu zingekuwa ufidhuli. Kuanzia leo kumbukumbu za klabu zinasomeka kwamba waya wa Agosti 1996 ulifungwa na Injinia Anselmo Vidigal. Nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili, na bamba la shaba nimeomba literemshwe.

Kuhusu chakula cha Jumamosi, tarehe mosi Julai: kwa desturi yetu meza hupangwa kwa vyeo, madokta mbele, mainjinia wakifuata, mafundi karibu na choo. Mwaka huu kamati imemwachia mstaafu apange mwenyewe, kama zawadi, kwa sababu ni zawadi isiyohitaji kufungwa kwa karatasi. Karatasi ya meza ililetwa kwangu jana. Kulia kwa Belmiro ameandikwa Adérito Pinhal, ambaye alipita karakana Jumapili baada ya misa. Sijui walisema nini, na haikuwa yangu kujua. Kushoto kwake kumewekwa sahani ya Deolinda. Meza inayofuata ni ya wanawake wa sokoni na tarishi. Dokta Quaresma yuko meza ya sita. Mimi nimewekwa meza ya mwisho, kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo watu hupigwa mgongoni na trei.

Nitakuja. Nimekwisha kunyooshewa suti.

Ishi vizuri, Belmiro, na uishi baada yangu, jambo ambalo kwa sasa halitakutoa jasho.